Vitafunio vya Siagi ya Karanga na Konfleksi, Bila Oveni

Nyumba nyingi za Uganda hupika kwa mkaa au kuni, na hata pale penye jiko la gesi, oveni ama haipo ama imegeuzwa kabati la masufuria. Kwa hiyo, kitafunio kinachohitaji moto wa dakika chache tu, kisha kikajikaza chenyewe kinapopoa, kinastahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana sasa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza vipande vya konfleksi vilivyoshikamanishwa kwa siagi ya karanga na asali, kwa kutumia sigiri, yaani jiko la mkaa, au jiko la gesi, sufuria moja nzito, mwiko na sinia. Ikiwa siagi ya karanga iko tayari, kazi yote huchukua takriban nusu saa, ukiacha muda wa kupoza.

Aliyewahi kupika kashata ameshajua nusu ya kazi hii. Tofauti ni kwamba shira ya kashata huachwa motoni mpaka ikomae, ilhali shira ya vitafunio hivi huepuliwa mara inapoanza kutokota, kwa sababu kinachoshika vipande si sukari peke yake bali sukari na karanga kwa pamoja. Mambo yanayoamua matokeo ni mawili tu, nayo ni ubora wa karanga na muda ambao shira imekaa motoni. Ukikosea kipimo cha nafaka kidogo, au sinia likawa pana kuliko lilivyotajwa, vitafunio bado vitalika; lakini karanga mbaya au shira iliyopitiliza haina dawa.

Vipimo

Kikombe kinachotajwa hapa ni cha mililita 250. Asiye na kikombe cha kupimia anaweza kutumia bilauri yoyote, mradi atumie hiyohiyo tangu mwanzo hadi mwisho, kwani kinachohesabika ni uwiano. Andaa vikombe 5 vya konfleksi, ambavyo ni kama gramu 150. Kikombe 1 cha siagi ya karanga, kama gramu 250. Nusu kikombe cha asali. Nusu kikombe cha sukari. Vijiko vikubwa 2 vya samli. Na robo kijiko cha chai cha chumvi, ambayo huachwa ikiwa siagi ya karanga ni ya dukani na tayari imetiwa chumvi. Vanila ni hiari. Kwa maoni yangu nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyopondwa hufaa zaidi, kwa sababu harufu yake haimezwi na karanga. Kiasi hiki hujaza sinia la sentimita 20 kwa 20 lenye kingo, na kutoa vipande 16.

Asali iliyochanganywa na maji, ambayo si haba barabarani, itakuponza, kwa kuwa maji hayo huishia ndani ya konfleksi na kuzilainisha. Asali nzuri ukiiinua kwa kijiko hushuka kwa uzi mmoja mrefu usiokatika upesi. Iliyoganda na kuwa na chembechembe haijaharibika. Iweke chupa yake ndani ya maji ya moto na itayeyuka.

Wenye kusoma mapishi ya Kimarekani watakuta vitafunio vya aina hii vikishikamanishwa kwa mashimalo, zile peremende nyeupe laini. Mtindo huo ulianzia katika kampuni ya Kellogg's huko Battle Creek mwaka 1939. Hapa kwetu mashimalo hupatikana katika maduka makubwa tu na kwa bei isiyo ya kila siku. Isitoshe, nyingi hutengenezwa kwa jelatini, ambayo mara kwa mara hutokana na nguruwe, jambo ambalo familia ya Kiislamu italazimika kulichunguza kwenye pakiti. Asali haina matatizo hayo.

Karanga

Siagi ya karanga ya dukani hufaa, na ni rahisi kuitumia kwa sababu wenye viwanda huitia mafuta yanayoganda ili isitengane. Hata hivyo, anayeishi Uganda hana sababu kubwa ya kuinunua, kwani karanga hulimwa kwa wingi mashariki na kaskazini mwa nchi, kuanzia Busoga na Teso hadi Lango na Acholi, na sokoni hazikosekani. Aina inayotajwa sana ni Red Beauty, yenye punje ndogo nyekundu. Nyingine ni zile za Serenut, zilizozalishwa na kituo cha utafiti cha Serere. Yoyote kati ya hizo itafaa, lakini punje ndogo nyekundu zinahitaji uangalifu zaidi wakati wa kukaanga, maana huungua haraka.

Lipo jambo moja ambalo mgeni wa masoko yetu anaweza kukosea. Katika masoko ya Kampala kama Owino, Nakasero na Kalerwe, karanga zilizosagwa huuzwa tayari, zikiwa zimerundikwa katika beseni, lakini sehemu kubwa ya hizo ni karanga mbichi zilizosagwa kwa ajili ya kupikia mchuzi. Mchuzi huo huchemka kwa muda mrefu, kwa hiyo ubichi wake huisha jikoni. Vitafunio vyetu havichemki, na ubichi huo utabaki mdomoni. Kuutambua si kazi. Karanga mbichi iliyosagwa ina rangi ya waridi kwa sababu ya ngozi zake, ni kavu na ya chenga, na ukiinusa inatoa harufu ya kunde. Iliyokaangwa kabla ya kusagwa ni ya kahawia, inang'aa mafuta na inanata kwenye kidole. Ikiwa bado una shaka, muulize muuzaji waziwazi: "Mama, hizi mlizikaanga kabla ya kuzisaga?" Atakuonyesha beseni la pili. Odii ya kaskazini, ambayo ni karanga na simsim (ufuta) zilizokaangwa na kusagwa pamoja, hufanya kazi vizuri mno katika mapishi haya, ingawa ladha ya simsim itatawala na wengine hupendelea kuongeza kijiko kimoja cha sukari.

Anayetaka kusaga mwenyewe, jambo ninalolipendekeza, na anunue nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa, azimwage kwenye ungo penye mwanga wa kutosha, na achambue punje mojamoja. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika na kubadilika rangi, zenye madoa meusi, na hasa zenye vumbi la kijani au la manjano. Vumbi hilo ni kuvu, na baadhi ya kuvu, hususan Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu inayodhuru ini na kusababisha saratani yake. Sumu hii ilianza kufahamika baada ya batamzinga wengi kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo ya karanga, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Kukaanga hupunguza sehemu yake tu, na kusaga huificha kabisa. Ndiyo maana karanga iliyosagwa inayouzwa kwa bei ya chini kuliko karanga nzima si ya kukimbilia: mara nyingi punje zilizokataliwa kwenye ungo ndizo zilizokwenda mashineni. Punje yoyote utakayoionja ukakuta ni chungu, iteme, kisha urudie kuchambua.

Baada ya kuchambua, kaanga karanga bila mafuta katika sufuria pana, kwa moto mdogo, huku ukikoroga bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20. Moto mkali huunguza ngozi huku ndani pakibaki pabichi. Karanga zikianza kupasuka kwa sauti ndogo na harufu kuenea chumbani, toa punje moja, iache ipoe, kisha ipasue katikati. Ikiwa ndani ina rangi ya kahawia hafifu na inavunjika kwa mlio, epua na uzimwage mara moja kwenye sinia, kwani zikibaki ndani ya sufuria ya moto zitaendelea kuiva. Zikipoa, zifikiche kwa viganja ili ngozi zitoke, kisha uzipete. Ngozi chache zikibaki hazidhuru kitu, ila huleta uchungu kidogo.

Kusaga kwa blenda kunahitaji subira. Karanga hugeuka kwanza kuwa chenga, baadaye hukusanyika kuwa donge linalozunguka bila kusagika, na hapo watu wengi huamini kwamba wameshindwa, wakaongeza maji. Usiongeze hata tone. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hayo yatatoka yenyewe ukiendelea kusaga kwa vipindi vifupi, ukizima mashine kila baada ya dakika moja ili mota isichemke na kukwangua pembeni kwa kijiko. Maji, hata yakiwa kidogo, huifanya siagi ya karanga kukakamaa na kushindwa kuchanganyika. Donge likigoma kabisa, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kitalilegeza. Palipo na jiwe la kusagia, kazi ni nzito zaidi lakini matokeo huwa laini sana. Kinu na mchi hutoa siagi yenye chembe, nayo haina kasoro kwa vitafunio hivi.

Siagi ya nyumbani ikikaa, mafuta hupanda juu. Yakoroge yarudi ndani kabla ya kupima kikombe chako. Ukichota ya juu tu, vipande vitatoka vikivuja mafuta. Ukichota ya chini tu, vitakuwa vikavu na kumeguka.

Konfleksi na sinia

Konfleksi hunyonya unyevu haraka, na pakiti iliyofunguliwa wiki moja kabla, hasa Kampala au Entebbe wakati wa mvua, huwa imeshalegea. Onja moja: isipolia ikitafunwa, zipashe zote katika sufuria kavu, kwa moto mdogo, kwa dakika 3 hadi 4, kisha uziache zipoe zikiwa zimetandazwa. Zikilainika kabla ya kuchanganywa hakuna kitakachozirudishia ukavu baadaye. Zile ndefu sana zivunje kidogo kwa mkono, lakini usizisage, maana unga wake hunyonya shira yote na kuacha vipande vikiwa vigumu.

Paka sinia samli kidogo, au litandike karatasi ya kuokea inayozidi kingo ili uweze kuinua donge zima likishaganda. Fanya hivi kabla ya kuwasha moto. Shira ikishakuwa tayari hutapata nafasi ya kutafuta karatasi.

Shira

Hapa ndipo sigiri inapomtofautisha mpishi mzoefu na anayeanza, kwa sababu mkaa haupunguzwi kwa kugeuza kitufe. Subiri mpaka mkaa upite ukali wake wa kwanza, ufunike kwa majivu kidogo, na ufunge mlango wa chini wa sigiri ili hewa ipungue. Ukiweka kiganja juu ya jiko na ukaweza kuvumilia kwa sekunde chache, moto unafaa. Kwa wenye gesi, moto mdogo kabisa unatosha.

Tia asali, sukari, samli na chumvi katika sufuria nzito, kisha koroga taratibu. Mwanzoni utasikia sukari ikikwaruza chini ya mwiko. Sukari yetu ya kahawia ina chembe kubwa, kwa hiyo upe moto muda wa kuiyeyusha kabla ya shira kuchemka. Mkwaruzo ukiisha, sukari imeyeyuka. Endelea kukoroga ukitazama pembeni mwa sufuria. Vipovu vidogo vitaanza kuzunguka kingo, vitaongezeka, na hatimaye vitafika katikati. Kuanzia hapo hesabu dakika moja, si zaidi, na uepue.

Unaweza kuhakikisha kwa kudondosha tone la shira ndani ya bilauri ya maji baridi. Tone likitua chini na kubaki laini unapolibonyeza, shira iko sawa. Likigeuka punje ngumu inayogonga kioo, maji mengi yameshakauka, na vipande vyako vitakuwa peremende ya kuvunjia meno. Wakati huo bado kuna njia: ongeza vijiko vikubwa 2 vya maji, rudisha motoni, ukoroge mpaka shira ilegee na kuchemka tena. Njia hiyo ipo kabla ya karanga kuingia tu. Siagi ya karanga ikishatiwa, usiongeze maji kwa sababu yoyote.

Asiye na asali atumie kikombe 1 kizima cha sukari, theluthi moja ya kikombe cha maji, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau. Limau huvunjavunja sukari kiasi cha kuizuia isirudi kuwa chembechembe shira inapopoa. Shira hii lazima ichemke kwa muda mrefu zaidi, mpaka tone lililopoa kidogo likibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada litoe uzi, kama ilivyo kwa kashata. Vipande vyake huwa vigumu kidogo kuliko vya asali na havina harufu ileile, lakini gharama hupungua sana.

Shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa kuwa hunata kwenye ngozi. Watoto wasaidie kuchambua karanga na kushindilia mchanganyiko uliopoa, lakini wakae mbali na hatua hii.

Kuchanganya na kushindilia

Sufuria ikiwa imeshaepuliwa, tia siagi ya karanga na hiliki au vanila, kisha koroga kwa nguvu. Kwa muda mfupi mchanganyiko utaonekana kama umekatika, mafuta upande mmoja na shira upande mwingine; endelea kukoroga nao utaungana kuwa uji mzito unaong'aa na kuteleza kwenye mwiko kwa utepe mpana. Usiurudishe motoni, kwani karanga huungua haraka chini ya sufuria na ladha ya kuungua huenea kote.

Mimina konfleksi zote kwa pamoja na uzigeuze kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, bila kuzikandamiza, mpaka usione nafaka iliyobaki nyeupe. Hatua hii haina muda wa kupiga soga: mchanganyiko huanza kukaza ndani ya dakika chache. Umwage kwenye sinia, usambaze, na uushindilie kwa kiganja kilichopakwa samli au kwa chini ya kikombe kilichopakwa samli. Shindilia kwa uzito wa kutosha kufanya vipande vishikane, hasa pembeni na kwenye kona, lakini usiponde nafaka. Kiasi sahihi ni pale uso wa juu unapokuwa sawa huku ukiendelea kuona umbo la konfleksi. Ukipenda, nyunyiza simsim iliyokaangwa juu na uibonyeze kidogo wakati mchanganyiko bado una joto, maana ukipoa simsim haitashika.

Penye jokofu, nusu saa inatosha. Pasipo na jokofu, weka sinia juu ya beseni lenye maji ya baridi kimo cha vidole viwili, chini ya kivuli, kwa saa moja hivi, na ulifunike kwa kitambaa safi. Angalia maji yasiingie juu ya kingo. Kata kwa kisu kirefu chenye makali, kwa kukibonyeza chini moja kwa moja. Kukivuta kama msumeno hubomoa kingo za vipande. Ukisubiri mpaka kesho yake kukata, utajikuta unavunja badala ya kukata.

Kubadilisha nafaka

Bisi ni mbadala wa bei nafuu kuliko zote. Robo kikombe cha mahindi ya bisi hutoa vikombe 6 hadi 8, nawe utahitaji 6. Chambua kila punje ambayo haikupasuka, kwa sababu ndani ya kitafunio hiki haionekani na jino litaigundua kwanza. Bisi zisitiwe mafuta mengi wala chumvi wakati wa kuzipasua. Shayiri iliyobanjwa, ile ya kupikia uji, hufaa pia, lakini ni nzito kuliko konfleksi, kwa hiyo vikombe 3 vinatosha, na lazima ikaangwe kikavu kwa dakika 5 hadi 8 mpaka inukie. Isipokaangwa itatafunika kama karatasi. Biskuti zilizovunjwavunjwa hukubali, ingawa huongeza utamu juu ya utamu, na mimi ningepunguza sukari mpaka robo kikombe. Wanaotaka chokoleti juu wakumbuke kwamba huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 34, hivyo Gulu, Arua au Moroto mchana wa kiangazi haitavumilia safari ya bodaboda.

Kuhifadhi, na nani asile

Vipange vipande katika kopo lenye kifuniko kinachobana, kila tabaka likitenganishwa na karatasi. Mahali pakavu na penye ubaridi vitadumu siku 5 hadi 7 vikiwa bado vikavu. Ndani ya jokofu, kopo likiwa limefungwa vizuri, hufika wiki mbili. Sisimizi watavisikia kabla yako, na kinga rahisi ni kuweka kopo katikati ya sahani yenye maji. Vikianza kutoa harufu kama ya rangi ya kupakia ukuta, mafuta ya karanga yamechacha na vinapaswa kutupwa.

Kwa mzazi anayeviandaa kwa siku ya kutembelea shule ya bweni, kwanza aulize kama shule inaruhusu vyakula kutoka nyumbani, kisha amkumbushe mtoto kuwauliza wenzake kabla ya kuwagawia, kwa kuwa mzio wa karanga unaweza kufunga njia ya hewa kwa muda mfupi sana. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, kwani inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, ambavyo tumbo lake haliwezi kuvihimili. Watoto wadogo wasiotafuna vizuri wapewe kipande kilichomeguliwa vidogo, wakiwa wamekaa.

Anayefikiria kuviuza na auze kwanza kwa majirani na wafanyakazi wenzake, akiandika kwenye pakiti tarehe ya kutengenezwa na neno karanga kwa herufi zinazosomeka. Akitaka kuvifikisha madukani, atahitaji kufuata utaratibu wa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na kupata alama yake ya ubora. Hapo chanzo cha karanga zake, na jinsi zilivyokaushwa na kuhifadhiwa, vitakuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa. Makombo yanayobaki chini ya sinia yasitupwe, kwani hunyunyizwa juu ya maziwa mgando au uji wa mtama asubuhi.